Nyuzi Saba za Ireri

Mwezi uliopita nilikwenda Siakago kumzika mpishi. Mama Wanja alikuwa amekula chumvi nyingi, ameona hata vitukuu, na kwa hiyo msiba wenyewe haukuwa wa kulia sana. Watu walikaa chini ya mahema wakikumbushana vituko vyake, wakacheka kwa staha, wakangoja chakula. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nimejifunika buibui langu, Mwislamu peke yangu katika safu ile, na vijana wa familia wakanihudumia kwanza kwa sababu waliambiwa mimi ni yule mwalimu aliyetoka Maua, kule Meru. Nilikuwa sijaonja kijiko cha pili alipokuja mzee mmoja mwenye ndevu za mvi na sahani yake mkononi, akaketi kando yangu bila kuuliza kama kuna mtu. Akasema, "Madam Halima, umenisahau?" Uso ulikuwa umebadilika, lakini masikio yale makubwa nilikuwa nimeyatazama mwaka mzima kutoka mbele ya darasa. Alikuwa Ireri. Nilikuwa nimesikia kwamba alifanya kazi ya dawa hospitalini Embu mpaka akastaafu. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na za magoti, halafu akainama akaniambia kwamba kuna neno amekaa nalo tangu Form Four na hataki mmoja wetu azikwe kabla hajalisema. Nikamwambia aseme. Akakataa. "Kula kwanza, Madam. Hii si ya kuambia mtu ana njaa."

Basi nikala, na huku nakula mawazo yakanirudisha mwaka ule. Sitaeleza kwetu tulikuwa wangapi wala baba alikuwa mtu wa namna gani. Inatosha kusema nilikuwa binti wa mchinjaji wa Maua, nina miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha sita, nangoja kuitwa chuo cha ualimu, na shule moja changa ya kutwa nje ya Siakago haikuwa na mtu wa kufundisha kemia. Nilichukuliwa kwa mwaka mmoja. Kwa mtu aliyezoea baridi ya Maua, ambako hata Januari unaamka na sweta, joto la kule lilikuwa adhabu. Nilipanga chumba nyuma ya duka, chumba chenye kitanda cha kamba, dirisha moja dogo na bati lililolia tik, tik, tik kila jua lilipopanda. Katika chumba cha walimu nilikuwa mwanamke pekee na mdogo kuliko wote. Siku ya tatu nilipokuwa nje nikisuuza kikombe, niliwasikia wanaume wakibishana kama nitafika Agosti. Mmoja alisema Pasaka itakuwa bahati. Niliingia nikajimiminia chai nyingine nikakaa katikati yao, na nadhani hapo ndipo nilipoamua kumaliza mwaka, si kwa kupenda kemia bali kwa ukaidi tu.

Maabara yetu ilikuwa nusu ya jengo la mabati, na nusu ya pili ilikuwa jiko la shule. Ukuta wa kati ulikuwa wa bati tupu, na kwenye ukuta huo fundi alikuwa amejenga benchi mbili ndefu za saruji ambazo wanafunzi walizitumia kama meza. Kando ya mlango kulikuwa na meza moja ya mbao iliyotoka ofisini baada ya mguu wake kuvunjika na kuungwa kwa msumari. Hatukuwa na bika za kutosha, kwa hiyo tulitumia vikombe vya bati vya uji. Upande wa pili wa ukuta, tangu saa mbili asubuhi, Mama Wanja alichochea moto chini ya sufuria kubwa ya githeri ya kunde na mahindi. Yeye alisikia masomo yangu yote na mimi nilisikia hadithi zake zote. Hakukanyaga maabara hata siku moja, maana alisema huko kuna sumu, lakini nikikosea jina la mwanafunzi alinisahihisha kwa sauti kutoka jikoni, na darasa likacheka.

Ramadhani mwaka ule iliangukia muhula wa pili. Kufunga karibu na jiko la githeri si jambo la mchezo, na Mama Wanja, ambaye alikuwa mtu wa kanisa kabisa, alinihurumia kuliko nilivyojihurumia mwenyewe. Kila mchana alitia sehemu yangu katika mkebe, akaufunika, akauzungushia magunia, akauzika ndani ya sanduku la mbao lililojaa nyasi kavu. Jua likizama nilifungua mkebe ule chumbani kwangu na mvuke ukanipanda usoni. Nilimwuliza amejifunza wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa amejifunza wapi kutembea, akasema joto ni kama kuku, ukiacha mlango wazi litalala kwa jirani. Mimi niliyekuwa na cheti nilicheka, nikaiona ni methali nzuri ya kijijini, nikaendelea kula.

Muhula huo ndio niliofundisha mabadiliko ya nishati katika mimenyuko. Nilianza na chokaa, kama nilivyofundishwa mimi. Niliomba waashi wa kanisa mawe machache ya chokaa ambayo hayajatiwa maji, nikayaweka katika karai, nikamwaga maji nje ya darasa. Mawe yalikaa kimya kidogo, kisha yakaanza kupasuka na kuchemka bila moto wowote chini. Tulitia yai katika mfuko wa nailoni tukalizika pembeni ya karai, likaiva. Wanafunzi walishangilia, na mimi nikajiona mwalimu hasa. Niliwaambia kwamba vifungo vya kale kati ya chembe vinapovunjika joto hutumika, vipya vinapofungwa joto hutoka, na kinachozidi ndicho tunachokiona kwenye themometa. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya upande wa pili, ile mimenyuko inayomeza joto badala ya kulitoa. Nilinunua mbolea nyeupe, ile ya punje ambayo wakulima wa kahawa huyeyusha na kunyunyizia majani. Kila kundi likapewa nusu kikombe cha maji na vijiko viwili vya mbolea, wapime kabla, wakoroge mpaka iyeyuke, wapime tena.

Kundi la kwanza wakasema nyuzi za joto zimeshuka tatu. Kundi la pili tatu. Kundi la tatu mbili na nusu, la nne tatu. Ireri alikuwa amechelewa kama kawaida, maana alitembea kutoka mbali, na kwa kuwa benchi zilikuwa zimejaa alifanya peke yake kwenye meza ya mbao mlangoni. Nilipomfikia alikuwa ameandika saba. Nilimwambia apime tena. Akasema mbolea imeshayeyuka, atapima nini. Nikamwambia basi atazame wenzake, makundi manne yamepata tatu, wengi wape, afute saba aandike tatu. Akakataa. Hapo nilikuwa na saumu, na kiu, na jiko limechacha upande wa pili, lakini sitaisingizia saumu. Kilichoniuma ni kwamba darasa zima lilikuwa limenyamaza kuona kama binti wa Maua atashindwa na mvulana aliyemzidi urefu. Nilisema mbele yao wote kwamba amepika majibu, kwamba ni mwongo, na kwamba mtu anayedanganya themometa atadanganya hata mama yake. Ireri hakupandisha sauti. Alisema, "Andika tatu wewe, Madam. Mimi nimeandika saba." Nikamtoa nje. Alichukua daftari lake akaenda, na hakuishia nje ya mlango, alienda mpaka kwao.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Wiki ikaisha. Mtihani wa taifa ulikuwa mbele yetu, na mtihani wa kemia wa vitendo ukikosa huna kemia, na Ireri alikuwa ndiye mwanafunzi pekee katika darasa lile ambaye walimu wa masomo mengine walikubaliana kwamba atafika mbali. Mwalimu mkuu hakujali sana. Alisema njaa ya githeri itamrudisha. Mimi nilijiambia vivyo hivyo mchana, lakini kila nilipoita majina asubuhi nilipofika kwenye lake niliharakisha, na darasa liliniona nikiharakisha.

Siku moja nilikuwa peke yangu maabara nikipanga vikombe, nikasikia Mama Wanja akizungumza na mwanamke aliyemletea kuni. Walisema Kimbeere, ambacho na Kimeru chetu ni ndugu wanaoelewana wakitaka. Nilisikia jina la Ireri. Nilisikia kwamba yuko kwenye shamba la mjomba wake akichuma muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, kwamba ameapa hatarudi mahali alipoitwa mwongo mbele ya wasichana. Kisha Mama Wanja akashusha sauti, na nilijua kwamba sasa ananisema mimi. Nifanye nini? Nilipanda magoti juu ya benchi ya saruji, nikasogeza kitambaa changu, nikabandika sikio kwenye bati ili nisikose hata neno.

Niliungua. Niliruka kutoka kwenye benchi ile nikiwa nimeshika sikio, vikombe vikaanguka, na upande wa pili mazungumzo yakakatika. Mama Wanja akauliza kwa sauti ni nini hicho. Nikajibu si kitu, ni vikombe. Nilisimama katikati ya chumba machozi yakinitoka kwa maumivu na kwa aibu ya mdukuzi, na ndipo nilipohisi jambo la pili, kwamba magoti yangu pia yalikuwa ya moto. Niliweka kiganja kwenye saruji. Benchi nzima ilikuwa na joto kama mgongo wa ng'ombe aliyesimama juani. Nikaenda mlangoni nikaweka kiganja kwenye meza ya mbao. Mbao ilikuwa baridi.

Nilichukua vikombe viwili na mbolea iliyobaki. Kimoja nilikiweka kwenye benchi, kingine kwenye meza, nikakoroga, nikapima. Kwenye benchi zilishuka tatu. Kwenye meza zilishuka karibu saba. Nikarudia, zikawa zile zile. Mbolea ilikuwa ikitafuta pa kupata joto ili iyeyuke, na wakati wanafunzi wangu wanakoroga polepole na kuchunguliana namba, moto wa Mama Wanja ulikuwa ukipita kwenye bati, ukashuka kwenye saruji, ukaingia kwenye vikombe na kuilisha kwa siri. Makundi manne yalikuwa yamepima kemia pamoja na githeri. Mtu mmoja tu ndiye alikuwa amepima kemia peke yake, na huyo nilikuwa nimemwita mwongo. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ameniambia joto huhamia kwa jirani, na nilikuwa nimecheka nikala.

Nilimweleza mwalimu mkuu kwamba nataka kumwomba Ireri msamaha. Hakunikasirikia, alinionea huruma. Alisema mwanafunzi akirudi apokewe tu kimya kimya, mambo yaishe, kwa sababu mwalimu akimwomba mtoto msamaha leo, kesho mtoto atataka chaki. Nadhani alinitakia mema. Siku hizo mwalimu alikuwa hakosei, na mwalimu wa kike wa miaka ishirini na mmoja alipaswa kukosea hata pungufu ya hapo. Nilitoka ofisini kwake nikaenda jikoni. Mama Wanja alinitazama sikio, lililokuwa limevimba, akanipaka mafuta ya kupikia bila kuniuliza niliungua wapi. Alijua vizuri sana. Nilipomwomba anipeleke kwa Ireri alivua aproni yake akaniambia twende, githeri itajilinda.

Tulimkuta kati ya vichaka vya muguka, vidole vyake vya kijani. Nilianza maneno yangu ya hapo na pale, kwamba nimegundua nilikosea, kwamba arudi shule. Alisikiliza bila kuacha kuchuma. Kisha akasema kwa adabu kabisa, akitazama chini, "Hapa hukuniita mwongo, Madam. Uliniita kule." Mama Wanja alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka, lakini nilijua kijana amesema haki.

Jumatatu alikuja. Nilimsimamisha mbele, nikasimama kando yake, nikawaeleza wenzake habari ya bati na saruji, nikawaonyesha vikombe viwili. Halafu nikasema neno lenyewe. Nilisema nilimwita Ireri mwongo na kumbe mwongo ulikuwa ukuta, na aliyeuamini ukuta ni mimi, na kwa hiyo namwomba anisamehe. Sauti yangu ilitetemeka na sikuificha. Hakuna aliyecheka. Ireri alitazama viatu vyake muda mrefu kuliko nilivyotarajia, masikio yamemwiva, akasema ameshanisamehe, akaenda kukaa. Kutoka jikoni Mama Wanja akasema kwa Kiswahili, ili wote tuelewe, kwamba sasa tusome, yeye ana kazi. Nilijisikia mwepesi siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu ya ujana, na mchana sikuhisi njaa.

Kulibaki shida ya mtihani. Katika mtihani ule mwalimu hupima mwenyewe kwanza, na namba yake hupelekwa pamoja na za wanafunzi ili wasahihishaji wajue shule ile ilipata nini. Ningepima mezani na watoto wangepima kwenye benchi, tungekuwa tumewaangusha wenyewe. Lakini kuzima jiko kulikuwa na maana ya shule nzima kukosa chakula, na mwaka ule mvua zilikuwa zimekataa, wako watoto ambao githeri ile ndiyo ilikuwa mlo wao. Nililipeleka jambo kwa Mama Wanja nikidhani litamtatiza. Akauliza tu kama sanduku la nyasi kubwa linaweza kupatikana. Siku ya mtihani aliwasha moto kabla ya alfajiri, akachemsha mpaka jua lilipoanza kutoka, kisha akazima kila kitu, akaitia sufuria nzima ndani ya shimo lililotandikwa nyasi na magunia, akaifunika. Tulimwagia benchi maji zikapoa. Msimamizi aliyetumwa kutoka mbali aliingia akasema ni maabara tulivu kuliko zote alizopata kuona. Saa saba wanafunzi walitoka wakala githeri iliyoivia shimoni, ya moto kabisa, na Mama Wanja alisimama kando na mwiko wake akiwatazama kana kwamba mtihani ulikuwa wake. Matokeo yalipokuja, Ireri aliongoza darasa katika kemia. Mimi nilikuwa nimeshaitwa chuo.

Niliendelea kufundisha mpaka nikastaafu, Meru mjini na baadaye Nkubu, na kila darasa nililopata nililipa hadithi hii. Niliwaambia msiogope namba yenu ikiwa peke yake. Niliwaambia kuna kijana alisimama na nyuzi zake saba dhidi ya darasa zima na mwalimu juu yake, kwa sababu alisoma alichokiona. Nilijivunia kijana yule, na kwa kweli nilijivunia na mimi mwenyewe kidogo, kwa kuomba ule msamaha.

Basi chini ya hema lile la Siakago nilipomaliza nusu ya sahani, nikamwambia Ireri nimeshiba, aseme. Akaweka sahani yake magotini. Akaniuliza kama nakumbuka zile nyuzi saba. Nikamwambia nimezifundisha miaka yote. Akafumba macho kidogo, kama mtu anayemeza dawa.

"Sikupima, Madam," akasema. "Themometa iliyobaki ilikuwa imekufa, ile wino ndani imekatika. Nikaogopa kusema, ungesema ni mimi nimevunja. Sasa likizo nilikuwa nasaidia shangazi Nkubu kunyunyiza kahawa, hiyo mbolea tulikuwa tunakoroga na mkono kwa pipa. Inakuwa baridi sana. Nikaingiza kidole kwa kikombe nikasikia ni ile baridi. Nikaandika saba. Hata ningeandika nane."

Nilimtazama. Wanawake wa safu ya mbele walikuwa wakiimba, na mimi nilikuwa nikihesabu madarasa yote ambayo nilikuwa nimeyasimulia habari za kijana aliyeisoma themometa. Nilimwuliza kwa nini alikubali kusimama pale Jumatatu ile na kunisikiliza nikimwomba msamaha ilhali alikuwa amepika majibu kweli. Akasema alirudi shule akidhani atashinda, na alipoona mwalimu mzima anatetemeka mbele ya watoto kwa sababu yake, akaona hana ushindi wowote. Alitaka kusema siku ile ile akashindwa. Badala yake alijiapia kitu.

"Hospitali nimepima dawa miaka thelathini na zaidi," akasema. "Za watoto, za wazee. Sijawahi andika namba sijaisoma na macho yangu. Hata moja. Kama ungenichapa tu, ningesahau kufika jioni."

Sijui ni nini kilinijia, kicheko au machozi, nadhani vyote viwili vilifika mlangoni pamoja. Nilipoweza kusema nilimwambia kwamba mimi nilisema langu nimesimama, mbele za watu. Alinielewa mara moja. Aliweka sahani yake juu ya kiti, akanyanyuka polepole akishika goti, mzee wa watu mwenye mvi, safu tatu za waombolezaji zikageuka kumtazama. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Madam Halima, mwaka ule uliniomba msamaha bure. Nilikuwa mwongo. Nisamehe." Kijana mmoja wa familia akauliza jirani yake huyu mzee amefanya nini. Nikamwambia Ireri nimemsamehe, akae, ale, chakula kinapoa.